Sajini Alidhani Yeye Ndiye Anayewafukuza

Kovu lililoko kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto si la mkasi wala la pasi, ingawa mimi ni fundi cherehani na kila anayeliona hudhani hivyo. Ni la mbwa wangu mwenyewe. Alikuwa amejitundika getini akimbwekea mteja aliyekuja kuchukua gauni lake, nami nikatoka mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni, nikamshika ukanda wake kutoka nyuma ili nimvute. Akageuka, akauma, akaachia. Yote yalitokea kabla sijamaliza kuita jina lake. Kisha akanitazama masikio yamelala, kama mtoto aliyerusha jiwe gizani halafu akasikia sauti ya mama yake. Mteja aliondoka bila gauni. Kesho yake akamtuma mtu.

Basi la kwanza ninalokuomba ni hilo: mbwa akishapandwa na jazba, usimtie mkono shingoni. Hakukusudia kukuuma wewe. Akifika pale, kinachomgusa hakina jina wala sura. Ukilazimika kumtoa, tumia kamba ambayo tayari amevaa, au weka kitu kipana kati yake na anachokitazama, ubao, kiti, hata beseni, halafu ondoka naye.

Sajini aliletwa kwangu akiwa na miezi miwili, rangi ya kahawa, miguu mikubwa kuliko mwili. Jina alipewa na mwanangu wa mwisho, na mpaka leo naamini hicho cheo ndicho kilichomvimbisha kichwa. Mwaka wa kwanza alimpokea kila mtu kwa kujigaragaza, hata nikawa nasema huyu mwizi akija atamwonyesha kabati lilipo. Alipogonga mwaka na nusu akageuka. Nilidhani kuna mtu amemdhuru nikiwa sipo. Kumbe wengi wao ndivyo walivyo: tabia ya kulinda mahali hujitokeza mbwa anapokomaa akili, na hilo huja kati ya mwaka mmoja na mitatu, mwili ukiwa umeshatangulia. Kwa hiyo upole wa mtoto wa mbwa usikulaze usingizi.

Siku niliyohesabu watu

Kabla ya kumfundisha chochote, kaa umtazame. Mimi nilihamishia cherehani dirishani, nikaweka daftari la vipimo pembeni, na tangu asubuhi hadi jioni nikawa napiga mstari kila mtu alipopita mbele ya geti. Walifika 31. Waliokuwa na shida na nyumba yangu walikuwa 4 tu. Wale 27 walikuwa wapita njia, kila mmoja na safari yake. Sajini aliwabwekea wote 31, tena kwa nguvu ileile.

Sasa yatazame hayo kwa macho yake. Mtu katokea. Nimebweka. Mtu kaondoka. Hajui kwamba yule mwanafunzi angepita tu hata kama nyumba hii ingekuwa inalindwa na paka. Kwa hesabu zake, siku ile alipigana vita 27 na akashinda 27, na ushindi kwake ni mtamu kuliko mfupa. Ndiyo maana tabia hii haipungui yenyewe kwa umri. Kila mpita njia anamlipa mshahara bila kujua, na mbwa anayelipwa haachi kazi.

Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati huo? Nilikuwa napaza sauti kutoka ndani: "Sajini! Nyamaza! Wewe Sajini!" Nilikuwa namwitikia kibwagizo. Mbwa aliyepandwa na jazba hashiki maneno. Anachosikia ni kwamba hata mwenye nyumba amepandisha, kwa hiyo hatari ni ya kweli.

Ukiwa hapo dirishani, angalia mwili, usisikilize sauti peke yake. Kuna mbwa anayebweka mara mbili tatu, mwili umelegea, kisha anakugeukia kama anasema "kuna mgeni". Huyo anatoa taarifa. Kuna anayebweka kwa sauti ya juu akiruka huku na huku kwa sababu kachoka kukaa peke yake. Na kuna yule wa Sajini: sauti nzito isiyopumzika, uzito wote umeegemea miguu ya mbele, manyoya ya mgongoni yamesimama, jicho limeganda halipepesi. Akinyamaza ghafla, mdomo ukafungwa na mwili ukakakamaa, hapo ndipo pabaya kuliko kelele zote. Na mkia usikudanganye. Watu wawili waliwahi kuniambia "mbona anatikisa mkia, anafurahi". Mkia wa furaha huyumba mpana pamoja na kiuno. Mkia uliosimama wima kama mlingoti, unaotikisika ncha tu kwa kasi, ni wa mbwa aliyejaa msisimko, na msisimko huo unaweza kuishia kwenye nyama ya mtu.

Kuna dalili ndogo zinazotangulia zote hizo: kujilamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku jicho likibaki kwa mgeni mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Hizo ni dalili za woga au kukosa raha. Wengi wa hawa majemedari wa getini ni waoga waliogundua kuwa kelele hufanya kazi.

Kwanza mnyime ushindi

Hakuna mafunzo yatakayoshinda vita 27 kwa siku. Utamfundisha dakika kumi jioni, naye atajifundisha kwa saa nane nzima za mchana. Kwa hiyo kazi ya kwanza si mafunzo, ni pazia.

Geti langu ni la nondo, unaona barabara yote. Nilichukua mabaki ya kitambaa kizito cha mapazia, nikakunja pindo mara mbili, nikapiga matundu, nikakifunga kwa waya kutoka chini hadi juu ya pale kichwa chake kinapofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Usikomee kwenye urefu wake akisimama kwa minne. Mbwa akikosa kuona chini atapanda. Acha pia nafasi ndogo juu ili wewe uone anayegonga. Dirisha lililokuwa na kochi chini yake, alilokuwa amelifanya mnara wa ulinzi, nilibandika karatasi ya ukungu inayopitisha mwanga bila kuonyesha watu, na kochi nikalihamisha. Kama huna karatasi hiyo, kitambaa chepesi kilichonyooshwa nusu ya chini ya kioo kinatosha.

Wiki ile ya kwanza kelele zilipungua kwa kiasi ambacho jirani alikuja kuuliza kama mbwa anaumwa. Sikuwa nimemfundisha lolote. Nilikuwa nimemwachisha kazi tu.

Sauti nazo zinahesabika. Mbwa husikia mitetemo ya juu mno, hadi karibu hezi 45,000, wakati sikio la binadamu huishia kama 20,000, kwa hiyo baadhi ya milio anayoibwekea wewe huipati kabisa. Redio ya sauti ya wastani katika chumba anachoshinda hufunika nyayo nyingi za barabarani. Na usimwache peke yake uani upande wa barabara ukiwa haupo. Mhamishie nyuma ya nyumba, au ndani.

Kumfunga mnyororo karibu na geti ni kosa nililolikaribia sana, kwa sababu linaonekana kama usalama. Mbwa aliyefungwa hawezi kusogea wala kukimbia, na mnyama asiyeweza kukimbia hubakiwa na njia moja. Kila akirukia mtu, mnyororo unamkata shingo, na maumivu yale anayaweka kwenye hesabu ya yule mtu. Siku mnyororo ukikatika, mtoto aliyekuwa anachungulia ndiye atakayelipa deni lote.

Kwenye nyumba inayoingiwa na watu kama yangu, weka vizuizi viwili kati ya mbwa na barabara, si kimoja. Geti, halafu mlango wa ndani au kijigeti kifupi. Binadamu husahau kufunga. Kimoja kikisahaulika, cha pili kipo.

Na kama mbwa ameshawahi kuuma, au unahisi atauma, mzoeshe kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile chenye nafasi ya kutosha kufungua kinywa, kuhema na kunywa maji. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo vifunge kwa dakika chache za daktari tu, maana mbwa hujipoza kwa kuhema. Ukimziba kwenye joto anaweza kufa. Usimvishe siku ya kwanza ya shida. Mimi nilitia nyama ndani ya kikapu, Sajini akawa anajitumbukiza mwenyewe na kutoka, siku tano hivi bila kufunga mkanda. Kisha nikafunga kwa sekunde chache, nikaongeza kidogo kidogo. Ilinichukua kama wiki mbili. Sasa akikiona anakifuata.

Nyama ya ukubwa wa kifungo

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo ina lengo tofauti na watu wanavyodhani. Humfundishi kunyamaza. Unambadilishia maana ya mtu aliye getini, ili akimwona afikirie jambo jingine.

Chemsha kuku bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), mkate vipande vya ukubwa wa kifungo cha shati. Si cha koti, cha shati. Utatoa vipande 30 au 40 kwa mara moja na hutaki ashibe kabla ya somo kwisha. Kuku huyo asimpate wakati mwingine wowote.

Tafuta msaidizi ambaye mbwa hamzoei sana. Wangu alikuwa binti mmoja anayejifunza ushoni kwangu, mwenye subira ya kuchomoa uzi bila kuchana kitambaa. Mvalishe mbwa mkanda wa kifuani na kamba, simama naye mahali pana, kisha msaidizi atokee kwa mbali. Umbali gani? Ule ambao mbwa anamwona, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kukugeukia na kula. Kwa Sajini ulikuwa hatua 20. Kipimo chake ni kuku: akikataa kipande au akikinyakua kwa meno kama anagombana nawe, umekaribia mno. Rudi nyuma. Hakuna cha aibu.

Mtu anapotokea, mbwa amtazame, ndipo utoe kuku. Kipande, kipande, kipande, muda wote mtu anapoonekana. Msaidizi akipotea nyuma ya ukuta, kuku anakatika. Mtu yupo, neema ipo. Mtu hayupo, hakuna kitu, na wewe unatazama pembeni kama humjui.

Mpangilio huo ndio nilioukosea mwezi mzima. Nilikuwa nasikia geti likigongwa, nakimbilia kopo la nyama, nalitikisa, ndipo nafungua. Baada ya siku kadhaa Sajini akawa akisikia kopo tu anakimbilia getini kubweka, hata kama nje hakuna mtu. Nilikuwa nimetengeneza king'ora. Yule Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kuwa mbwa huanza kutokwa na mate kwa mlio unaotangulia chakula. Kinachotangulia ndicho kinachobeba habari ya kinachofuata. Nyama ikitangulia, inageuka kuwa habari mbaya: mtu anakuja. Mtu akitangulia, mtu anageuka kuwa habari njema: nyama inakuja. Ni vitu vilevile viwili. Ukivishona kinyume, vazi halivaliki.

Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Utajua imeanza kuingia pale mbwa atakapomwona mtu na yeye mwenyewe akageuza shingo kukutazama: "Yule pale. Iko wapi?" Siku Sajini alipofanya hivyo kwa mara ya kwanza niliangusha kopo. Ukishapata mgeuko huo mara kadhaa mfululizo, punguza hatua mbili, si kumi. Halafu badilisha: msaidizi atembee haraka, avae kofia, abebe mfuko, agonge geti. Kila kitu kipya ni mtu mpya kwa mbwa, kwa hiyo kila ukibadilisha, ongeza umbali kwanza.

Jambo moja dogo lenye thamani kubwa: msaidizi aondoke wakati mbwa ametulia. Akiondoka mbwa anabweka, umempa ushindi wa 28. Akiondoka mbwa yuko kimya, kimya ndicho kilichomwondoa.

Akilipuka katikati ya somo, kosa ni lako la kipimo. Usimkemee, usimbembeleze. Sema neno moja la kuondokea (langu ni "twende huku") na ugeuke naye. Neno hilo ulifundishe kabla, koridoni, mahali pasipo mtu: unalisema, unageuka, akikufuata anapata kipande. Mara nyingi sana, mpaka miguu yake igeuke kabla kichwa hakijafikiri.

Kengele na mkeka

Kwa nyumbani nilimpa Sajini kituo kipya cha kazi, blanketi kuukuu nililolikunja na kulishona kingo, tunaliita mkeka. Liko mahali anapoweza kuona chumba lakini haoni mlango. Nilianza kwa kumwaga vipande juu yake mpaka akalipenda, kisha nikaongeza neno "mkekani", kisha nikarekodi mlio wa kengele yetu kwenye simu na kuupiga kwa sauti ya chini kabisa, chini kuliko unavyodhani inatosha. Kengele, "mkekani", kuku juu ya blanketi. Wiki hadi wiki sauti ikapanda. Baadaye neno likaondoka, kengele ikabaki. Mlio uliokuwa baragumu la vita ukawa mlio wa chakula. Wakati huo wote kengele halisi niliizima, wateja wakawa wananipigia simu wakifika. Usifanye mazoezi ya kengele huku kengele ya kweli inaendelea kumharibu.

Nilimwachia pia haki ya kubweka kidogo. Ni mbwa, si mto wa kochi. Akibweka mara mbili naenda hadi alipo, natazama nje kweli, nasema "asante" kwa sauti ya kawaida, na namwaga vipande chini upande wa mbali na geti. Pua ikishuka chini, kelele zinakatika zenyewe. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Inabidi uende. "Asante" ya kutoka kochini ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mgeni wa kuingia ndani ana utaratibu wake. Kwa yule anayekuja mara kwa mara, mkutane nje, mbali na geti, mtembee pamoja dakika kumi, mgeni upande mmoja na mbwa upande mwingine, halafu mgeni aingie wa kwanza na mbwa afuate. Mbwa akikuta mtu ameshakaa, mambo ni mepesi kuliko mtu akivuka kizingiti usoni pake. Mgeni asimtazame machoni, asimwinamie, asinyooshe mkono ili anuswe. Huo mkono wa kunusa ni ustaarabu wa binadamu, mbwa ananusa vizuri tu kutoka alipo. Akitaka kumpa kipande, akirushe nyuma ya mbwa. Hapo mbwa anapata nyama na nafasi ya kupumua kwa pamoja. Akimlisha mkononi, mbwa mwoga hufuata nyama, anaimaliza, kisha anashtuka yuko chini ya uso wa mgeni asiyemjua.

Na umchunge mgeni anaposimama. Saa nzima ya utulivu inaweza kuharibika kwa mtu aliyeinuka ghafla kutafuta viatu. Mwambie akuarifu kwanza, uchukue kamba, ndipo ainuke.

Wateja wa kupimwa sijaribu kabisa kuwakutanisha naye. Mtu anyanyue mikono yote miwili, mimi nimzungushie tepu kifuani, kisha nitegemee Sajini ataelewa kuwa ni suti? Anakaa chumba cha nyuma na mfupa wake, mlango umefungwa. Wapo wanaoona hiyo ni kushindwa. Mimi naona ni akili.

Wanaokuambia umpige

Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Kwa mbwa anayelinda geti, methali hiyo itakuletea hasara. Kipigo, mkanda wa miiba, kola ya umeme, vyote vina uwezo wa kumnyamazisha leo, na ndiyo maana watu huvisifia. Lakini fikiria alichojifunza: kila mgeni akija, naumia. Alikuwa anamwogopa mgeni kidogo. Sasa ana sababu.

Kibaya zaidi ni kumwadhibu kwa kunguruma. Mngurumo ni mlango anaokugongea kabla ya kuuvunja. Mbwa akifundishwa kuwa kunguruma kunamletea kofi, ataacha kunguruma, lakini chuki itabaki palepale. Mficha maradhi kilio humuumbua. Huyo ndiye anayesemwa "ameuma bila onyo". Onyo alikuwa nalo, alinyang'anywa. Mbwa akinguruma, ongeza umbali kati yake na kinachomkera, kisha ukajipange upya. Unaweza hata kumshukuru kimoyomoyo.

Kupuuza tu nako hakusaidii hapa. Mbwa anayebweka ili umpe kitu, ukimpuuza atazidisha kelele siku chache halafu ataacha. Anayelinda eneo halipwi na wewe, analipwa na wanaoondoka.

Kuhusu kumhasi, usitegemee miujiza. Kunaweza kupunguza kuzurura na ugomvi wa madume, lakini kulinda geti si lazima kuguswe, na mbwa mwoga anaweza hata kuzidi woga. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu mbwa wako, usifuate habari za mbwa wa shemeji. Huyo daktari ndiye wa kwanza kumwona pia kama ukali umeanza ghafla, hasa kwa mbwa mtu mzima. Sikio lenye usaha, jino bovu, viungo vinavyouma, macho yanayofifia, hitilafu ya tezi ya shingo: vyote hivyo vinaweza kufupisha subira ya mbwa, na hakuna kuku atakayeponya sikio.

Matembezi yanasaidia, ila si kwa kumchosha. Mwache anuse. Nusu saa ya kunusa vichaka kwa kamba ndefu humtuliza Sajini kuliko saa ya kukimbizana na baiskeli.

Kama meno yameshapita

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini matibabu yakiwahi kabla ya dalili hukizuia. Usipake majani, usifunge jeraha kwa kulibana. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe na kuangaliwa siku 10, kwa sababu mbwa anayeambukiza wakati anauma huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya muda huo. Mimi nilikuwa na kadi ya chanjo ya Sajini ndani ya kisanduku cha vifungo, na bado muuguzi aliniosha na kuniuliza maswali yote. Alifanya sawa.

Ameuma akatoa damu, au nyumbani kuna mtoto mdogo, au anaruka bila dalili yoyote ya awali? Usisome makala kama hii ukajaribu peke yako. Tafuta mtaalamu wa tabia za wanyama anayefanya kazi bila mateso. Daktari wa mifugo atakuelekeza. Na mtoto na mbwa huyo wasibaki chumba kimoja bila mtu mzima, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko.

Kwetu ni mwaka wa pili sasa. Kengele ikilia, Sajini anabweka mara mbili, anasikia "asante", anakwenda kwenye blanketi lake na kunitazama kama mtu anayesubiri chenji. Wateja bado wanaulizia kwa simu wakiwa kona: "Fundi, mbwa amefungwa?" Nawajibu yuko kazini lakini cheo kimeshushwa. Kilichobaki ni miavuli. Mtu mwenye mwavuli uliofunguka bado anamtoa akili, kwa hiyo siku za mvua yule binti anachukua mwavuli mweusi, anakwenda kusimama mwisho wa uwanja, nami nasimama na kopo langu, hatua 20.